Khalfan Khamis Mohamed
Mtanzania mzaliwa wa Zanzibar, aliyesakwa kwa shambulio la bomu katika ubalozi wa Marekani, Dar es Salaam, tarehe 7 Agosti 1998, lililoua watu 11. Alitorokea Cape Town, akaomba hifadhi ya ukimbizi kwa jina bandia na kupata kazi kwenye mgahawa wa baga. Kibali kilichomficha ndicho kilichomponza: alikamatwa tarehe 5 Oktoba 1999 alipokwenda kukihuisha, akapelekwa New York upesi mno. Mei 2001 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini iliamua kwamba kumkabidhi bila ahadi kuwa hatahukumiwa kifo kulivunja sheria. Uamuzi mzito, ila ulimkuta tayari kizimbani Marekani. Wazee wa baraza hawakuafikiana kuhusu adhabu ya kifo, akafungwa maisha.