Utii wa Kikanuni na Mipaka Yake katika Kanisa la Anglikana Unguja, 1873–1924

1.0 Utangulizi
Waumini wengi wa kwanza wa Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati (UMCA) kisiwani Unguja walikuwa watu waliokombolewa utumwani. Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa Juni 1873, na Desemba mwaka huohuo jiwe la msingi la Kanisa Kuu la Kristo liliwekwa mahali hapohapo. Kwa waumini waliowahi kumilikiwa na bwana, utii kwa mamlaka ya kiroho ulihitaji kutofautishwa waziwazi na utumwa. Makala haya yanatetea hoja kwamba tofauti hiyo ilitegemea mambo mawili: anayeamuru awe naye chini ya sheria, na anayeamriwa awe na njia ya kukata rufaa.

2.0 Askofu chini ya Sheria
Frank Weston, Askofu wa Zanzibar kuanzia 1908 hadi 1924, aliutukuza uaskofu na kudai utii. Hata hivyo, kwake askofu hakuwa mwenye mali bali mlinzi wa amana. Mwaka 1913, baada ya mkutano wa wamisheni uliofanyika Kikuyu, Kenya, kumalizika kwa Komunio ya pamoja na Waprotestanti wasio Waanglikana, Weston aliwashtaki maaskofu wa Mombasa na Uganda kwa Askofu Mkuu wa Canterbury, Randall Davidson, akidai wamefanya uzushi. Mwaka 1915 Davidson alitoa jibu: hakuwatia hatiani, lakini alishauri ibada ya namna ile isirudiwe. Mwaka huohuo Weston alitangaza kuvunja ushirika na Askofu wa Hereford, Uingereza, kwa sababu ya kumteua B. H. Streeter kuwa kanoni. Mtetezi wa utii alipinga wakubwa wenzake, na bado alibaki askofu.

3.0 Utii wa Walio Chini
Hali ya Mbweni, kusini mwa Mji Mkongwe, ilikuwa nyingine. Misheni ilinunua shamba hilo mwaka 1871 na baadaye kuwaweka humo waliokombolewa. Aliyehubiri na aliyemiliki ardhi walitoka katika taasisi moja. Hivyo, kugombana na padri kulikuwa pia kugombana na mwenye shamba. Weston alikuwa na kalamu, mpiga chapa na Canterbury. Mkazi wa Mbweni hakuwa na nyenzo hizo.

Makasisi Waafrika walisimama katikati. Cecil Majaliwa, aliyekombolewa na kusomeshwa Kiungani, alihudumu Chitangali, kusini mwa Tanganyika, tangu 1886, na mwaka 1890 akawa Mwafrika wa kwanza wa Misheni hiyo kupewa upadri. Alionesha kwamba Mwafrika aliweza kuongoza kanisa mbali na macho ya Mzungu. Hata hivyo, maaskofu wote, kuanzia Tozer hadi Weston, walikuwa Waingereza. Kiapo kilikuwa kimoja, lakini ngazi ya kupandia haikuwa moja.

4.0 Hitimisho
Mwaka 1920 Weston alichapisha kijitabu cha kupinga kazi za kulazimishwa katika makoloni ya Uingereza. Alitambua, basi, kwamba amri isiyohojiwa humrudisha mtu utumwani. Kipimo hicho alichokielekeza kwa serikali ndicho kinachofaa kuipimia Misheni yenyewe. Historia ya Unguja haioneshi kwamba utii wa kiroho ni utumwa. Inaonesha kwamba haki ya kusema hapana ilimfikia askofu mapema kuliko ilivyomfikia muumini wa Mbweni.