Kuta za Kilwa na Macho ya Mwanafunzi

Nilipokuwa mwanafunzi, nilidhani kulisoma jengo ni kukariri tarehe na majina ya watawala. Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani ulinisahihisha. Vitabu vilinifundisha kwamba Sultani al-Hasan bin Sulaiman aliupanua mwanzoni mwa karne ya 14, na kwamba Ibn Battuta alifika kisiwani mwaka 1331. Wasomi wengi wa enzi ya ukoloni waliusifu kama kazi ya wageni. Lakini ukuta ni matumbawe na chokaa iliyochomwa kutokana na matumbawe hayohayo. Umbo la kuba laweza kutoka ng'ambo. Ujuzi wa kulikata jiwe hilo ni wa watu wa pwani. Mwanafunzi asiyejua kutazama atasimuliwa historia yake na wengine.