Chai Maharage hadi Land Cruiser za kunyanyuliwa

Wadau, hapa Visiga, kando ya barabara ya Morogoro, nikiona Land Cruiser iliyonyanyuliwa na kuvishwa matairi makubwa naikumbuka historia ya Chai Maharage. Wengi wetu tumezisikia tu: vigari vya mizigo vilivyofungwa mabenchi, abiria wanakaa wakitazamana kama wako mezani. Sheria ya Usalama Barabarani ilikuwepo tangu 1973. Ila mabasi ya UDA hayakutosha Dar, na 1983 serikali ikaruhusu magari ya watu binafsi kubeba abiria. Kwa maoni yangu, kilichoyapitisha magari yale ni shida, si ukaguzi. Tabia hiyo tunayo bado. Fundi akinyanyua gari, breki na usukani haviwi vilevile, lakini kadi ya gari inabaki ileile.