Miaka 40 ya Nyos: Usiku ziwa lilipoua, na ugomvi wa wataalamu uliofuata

Agosti 21 mwaka huu wa 2026 inatimia miaka 40 tangu Ziwa Nyos, kaskazini-magharibi mwa Kamerun, liue watu wapatao 1,700 kwa usiku mmoja. Hapakuwa na moto, mafuriko wala risasi. Ilikuwa Alhamisi, yapata saa tatu usiku, wengi wamekwishakula na kulala. Kutoka katika ziwa hilo dogo, lililojaa ndani ya kreta ya volkano ya kale, likafumka wingu la hewa ukaa, likateremka mabondeni na kuvipitia vijiji vya Nyos, Kam, Cha na Subum. Liliua hadi umbali wa kilomita 25 hivi.

Walionusurika walizinduka saa nyingi baadaye, wengine siku ya pili yake, wakakuta waume, wake na watoto wamelala pale pale walipokuwa jana, hawapumui. Wapo waliosimulia kuwa taa zao zilizimika ilhali mafuta yamo. Mifugo ipatayo 3,500 ilikufa, na waliofika mwanzo walishangaa kuona mizoga haina hata nzi, kwa sababu nzi nao walikuwa wamekufa. Ziwa lenyewe, ambalo siku zote maji yake yalikuwa ya buluu, lilikuwa jekundu kama kutu, na kina chake kilikuwa kimepungua kwa takriban mita moja.

Hewa ukaa si kitu kigeni. Ndiyo tunayoitoa puani kila tunapopumua, ndiyo chakula cha mimea, ndiyo inayotia povu kwenye soda. Mskochi Joseph Black aliichunguza katika miaka ya 1750 akaonyesha kuwa ni hewa ya aina yake. Mwaka 1856 Mmarekani Eunice Foote aliijaza katika chupa ya kioo, akaianika juani, akaona inapata joto kuliko hewa ya kawaida. Miaka michache baadaye John Tyndall wa Ireland akapima jinsi inavyonasa joto. Tangu mwaka 1958 inapimwa kila siku katika mlima Mauna Loa, Hawaii. Wakati huo ilikuwa sehemu 315 katika kila milioni ya hewa, na sasa imepita 420. Habari hiyo ya tabianchi inaandikwa kila wiki. Ya Nyos haiandikwi, ingawa inaonyesha sura nyingine ya hewa hiyo hiyo: ni nzito mara moja na nusu kuliko hewa ya kawaida, kwa hiyo hutambaa chini na kukaa mabondeni, na ikizidi asilimia 10 hivi mtu huzimia kwa dakika chache.

Ilikaaje ndani ya ziwa? Chini ya ukanda ule wa Kamerun kuna magma, na hewa ukaa yake hupenya mwambani kidogo kidogo hadi kwenye maji ya kina. Nyos lina kina cha mita 208. Huko chini mgandamizo ni mkubwa, na gesi huyeyuka majini ikatulia, kama inavyotulia ndani ya chupa ya soda ambayo haijafunguliwa. Maziwa mengi ya nchi zenye baridi hujipindua kila mwaka, maji ya chini yakapanda na kupumua. Nyos halikuwa na desturi hiyo. Lilijilimbikizia gesi mwaka baada ya mwaka, mpaka usiku ule kitu fulani kikayatikisa maji ya chini. Yakapanda, mgandamizo ukapungua, mapovu yakaanza, na mapovu yakavuta maji mengine nyuma yake hadi ziwa zima likachemka bila kuwa na moto. Kilichoanzisha mtikisiko hakijathibitishwa hadi leo: maporomoko ya ardhi, upepo au mvua kubwa.

Maelezo hayo leo yamo vitabuni. Mwaka 1986 yalikuwa vita, na hapa ndipo penye funzo ambalo vitabu hulipita haraka.

Nyos halikuwa la kwanza. Miaka miwili kabla, alfajiri ya Agosti 15, 1984, watu 37 walikufa karibu na Ziwa Monoun, kusini zaidi. Miongoni mwao walikuwamo abiria wa lori lililozimika injini barabarani. Walioteremka walikufa, wawili waliokuwa wamekaa juu ya lori walipona, kwa sababu vichwa vyao vilikuwa juu ya ile hewa. Kwa kuwa mwaka huo Kamerun ilikuwa imetoka kwenye jaribio la mapinduzi, wengi walidhani ni hujuma. Alipelekwa mtaalamu wa volkano kutoka Iceland, Haraldur Sigurdsson, aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Rhode Island nchini Marekani. Hakuona dalili ya mlipuko wa volkano. Alipovuta maji kutoka chini, yalifoka mapovu. Akaandika kuwa ziwa lenyewe ndilo lililoua, na kwamba hatari ya namna hiyo haijapata kujulikana. Akaipeleka makala kwa jarida la Science. Ikakataliwa, ikaonekana ni jambo la kubuni.

Kabla makala hiyo haijachapishwa kwingine, Nyos likaua.

Ndani ya wiki chache wataalamu walimiminika Kamerun kutoka Ufaransa, Marekani, Italia, Japani na kwingineko, wakagawanyika kambi mbili. Kambi moja iliongozwa na Haroun Tazieff, mtaalamu maarufu kuliko wote wa volkano katika Ufaransa, ambaye mpaka mapema mwaka ule alikuwa serikalini akisimamia kinga dhidi ya majanga. Sifa yake ilizaliwa kwetu huku. Mwaka 1948, akifanya kazi Kongo ya Wabelgiji, aliteremka ndani ya kreta ya volkano ya Nyiragongo akashuhudia ziwa la lava. Yeye na François Le Guern walishikilia kuwa volkano ndiyo iliyolipuka chini ya Nyos na kutoa gesi. Walikuwa na hoja. Mwaka 1979, katika nyanda za Dieng huko Indonesia, hewa ukaa iliyofuatana na mlipuko iliua watu zaidi ya 140. Tena manusura wa Nyos walisema walinusa baruti au mayai viza, ambayo ni harufu ya salfa, na wengine walikuwa na vidonda mwilini kama vya kuungua.

Kambi ya pili ilikuwa na Sigurdsson pamoja na kijana George Kling, ambaye mwaka 1985 alikuwa amezunguka maziwa ya Kamerun, Nyos likiwemo, akiwa mwanafunzi. Makala haya yanaegemea zaidi ripoti ya Kling na wenzake iliyotoka mwaka 1987 katika jarida lile lile la Science, kwa sababu inajibu hoja moja baada ya nyingine. Maji ya chini hayakuwa ya moto. Salfa haikuonekana kwa kiwango cha volkano inayolipuka, na tope la chini ya ziwa halikuwa limechimbuliwa. Vidonda vilitokana na watu kulala fahamu zimepotea kwa saa nyingi bila kugeuka, na ile harufu ni hisia ambayo hewa ukaa yenyewe, ikizidi, humpa mtu.

Machi 1987 kambi hizo zilikutana uso kwa uso Yaoundé, katika mkutano ulioitishwa na serikali ya Kamerun. Walibishana kwa ukali na wakaachana bila kukubaliana. Tazieff alishikilia msimamo wake. Kilichoamua shauri hakikuwa mdomo wa mtu bali vipimo vya miaka iliyofuata, vilivyoonyesha kuwa gesi inajaa upya chini ya Nyos na Monoun, polepole, pasipo mlipuko wowote.

Kwa maoni yangu, katika mabishano yale sauti moja haikupewa kiti. Mwanaanthropolojia Eugenia Shanklin alikusanya kwa watu wa nyanda zile, Wakom na jirani zao, masimulizi ya kale ya maziwa yanayohama, yanayofumka na kuua watu. Wakom wana hadithi ya mtawala wao aliyejinyonga, mwili wake ukageuka ziwa na kuwaangamiza maadui zake. Wazee walikuwa wakisema jambo hilo kabla jarida lolote halijalikataa. Mtu akifika kijijini na vipimo vyake, aanze kwa kuwauliza waliozaliwa pale.

Dawa ilipatikana, nayo ni nyepesi. Mfaransa Michel Halbwachs alishusha bomba hadi karibu na sakafu ya ziwa. Pampu huyavuta maji mwanzo tu. Baada ya hapo mapovu ya gesi huyasukuma yenyewe, usiku na mchana, bila umeme. Januari 2001 bomba la kudumu lilifunguliwa Nyos, na maji yakaruka juu kiasi cha mita 50. Monoun likapata lake mwaka 2003, na Nyos likaongezewa mawili mwaka 2011. Gesi nyingi ya hatari imekwishatolewa. Hata ukingo wa asili wa ziwa, ambao ulihofiwa kubomoka na kupeleka mafuriko hadi Nigeria, uliimarishwa.

Kwa watu haikuwa hivyo. Maelfu waliohamishwa waligawanywa katika kambi saba, wakaahidiwa kurudi. Watoto waliozaliwa kambini sasa ni wazazi. Tangu mwaka 2017 eneo hilo la Wakamerun wanaozungumza Kiingereza limo vitani, na habari za kurudi Nyos zimefunikwa. Ni aibu kwamba ziwa limetibiwa na wenyewe wangali ugenini.

Huku kwetu Nyos lina ndugu mkubwa. Ziwa Kivu, lenye kina cha mita 485 hivi kati ya Rwanda na Kongo, limebeba takriban kilomita za ujazo 300 za hewa ukaa na 60 za methani. Kandokando yake wanaishi watu zaidi ya milioni mbili. Wataalamu wanasema maji yake hayajashiba gesi, na hata lava ya Nyiragongo ilipoingia ziwani Januari 2002 tabaka za chini hazikutikisika. Rwanda inavuta methani na kuzalisha umeme Karongi tangu mwaka 2016. Lakini wakazi wa miji ya Goma na Sake, upande wa Kongo, hawahitaji kuhadithiwa hewa ukaa. Wanaijua kwa jina la mazuku, inayotuama mashimoni na kuua watoto na mbuzi, na imewaua hata wakimbizi waliopiga kambi penye mashimo hayo. Mei 2021, Nyiragongo ilipolipuka na magma kupenya chini ya mji, mitaa kumi ya Goma iliamriwa kuhama, na hofu iliyotajwa wazi ilikuwa ziwa. Miezi michache kabla ya hapo, kituo cha kuchunguza volkano cha Goma kilikuwa kimekosa hata fedha za intaneti ya kupokelea vipimo vyake.

Kituo hicho kinapaswa kuwa na bajeti ya kudumu inayotoka Kinshasa na Kigali, awe nani anayeushika mji wa Goma. Gharama yake ni ndogo kuliko hasara ya usiku mmoja kama ule wa Nyos, na mabomba ya Kamerun yamekwishaonyesha kuwa hatari ya aina hii, ikijulikana mapema, inazuilika.