Stesheni ya Usoke, Reli ya Kati

Reli hii ni njia moja, yenye upana wa mita moja. Treni za kwenda Kigoma na za kutoka huko hupishana stesheni. Moja husubiri, nyingine hupita.

Kabla ya reli, mizigo ilibebwa na watu. Wapagazi wa Kinyamwezi walivuka miombo hii wakiwa na pembe za ndovu, nguo na shanga, kati ya Ujiji na Bagamoyo. Mwaka 1871 Mtemi Mirambo aliifunga njia alipopigana na Waarabu wa Tabora, na Stanley, akimtafuta Livingstone, akalazimika kuzungukia kusini.

Wajerumani walifikisha reli Tabora mwaka 1912, Kigoma 1914. Tuta unaloliona liliinuliwa kwa mikono ya vibarua wa Kiafrika. Hao watajwe kabla ya wahandisi. Juu yake ilipita meli nzima, Graf von Götzen, ikiwa vipande ndani ya makasha yapatayo 5,000. Ndiyo MV Liemba ya Ziwa Tanganyika.

Septemba 1916 majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yalipigana hapa na ya Wajerumani. Tabora ilitekwa tarehe 19. Askari wa pande zote mbili, wengi wao, walikuwa Waafrika.