Majina ya Miti ya Kwale, Kutoka Kaya Hadi Kitabuni

Jina la mti wa Kwale halikuanza kwenye wino. Lilikaa kwanza mdomoni mwa mzee wa Kidigo, ndani ya kaya, msitu mtakatifu wa Wamijikenda. Ukiingia Kaya Kinondo, kusini mwa Diani, unafungwa kaniki, kisha unaambiwa usivunje tawi wala usitoke na jani. Anayekuongoza hashiki kitabu. Anagusa gome, anautaja mti, anakueleza mizizi yake inachemshiwa maradhi gani.

Wakaja waandishi. Miaka ya 1870 Mjerumani Hildebrandt alikusanya mimea pwani yetu, na mmea mmoja unaoota vilima vya Shimba, unaofanana na mnazi mfupi, ukabaki na jina lake: Encephalartos hildebrandtii. Mwaka 1937 Percy Greenway, mtaalamu wa mimea wa Amani kule Usambara, alitoa kamusi ya majina ya mimea ya Kiswahili. Ivan Dale, bwana misitu, akaandika mwaka 1939 juu ya miti na vichaka vya mkoa wa Pwani. Mwaka 1961 majina ya wawili hao yakakutana kwenye jalada moja, katika kitabu kikubwa cha miti ya Kenya, chenye picha za rangi za Joy Adamson.

Adamson huyu wengi wanamjua kwa simba Elsa. Kabla ya simba alikuwa mchoraji wa maua. Michoro yake ilipamba pia kitabu cha bustani cha Afrika Mashariki kilichohaririwa na Jex-Blake, na mwaka 1947 akatunukiwa Uingereza medali ya dhahabu kwa michoro yake. Alistahili. Kuchora mmea kunataka jicho lenye subira.

Chukua mbambakofi. Ganda lake ni gumu kama ubao. Likipasuka, ndani zimepangana mbegu nyeusi zinazong'aa, kila moja imevaa kikofia chekundu kinachoelekea rangi ya chungwa. Mbao zake ni za milango na vitanda, na ndiyo sababu umeadimika nje ya kaya.

Katika vitabu hivyo vya miti, kando ya jina la Kilatini, utakuta neno la Kidigo. Mtaalamu wa mimea Henk Beentje naye aliyaweka maneno hayo katika kitabu chake cha miti ya Kenya cha 1994. Mtu fulani wa Muhaka au Msambweni alisimama chini ya mti akalitamka jina, mgeni akaandika. Mchoraji ametajwa, mwandishi ametajwa, yeye hakutajwa. Hilo linaniuma.

Mwaka 1992, ardhi ya Diani ikigombaniwa, serikali ilianza kuzitangaza kaya kuwa turathi za taifa. Mwaka 2008 UNESCO ikaandikisha kaya za Mijikenda, Kinondo ikiwemo. Kati ya hapo, mwaka 2005, Mohamed Pakia alikamilisha utafiti mzima juu ya mimea wanayoijua Wadigo wenyewe. Kwangu mimi, huo ndio utafiti ulioanza kulipa deni.

Bustani zetu leo zimejaa mwarobaini wa Bara Hindi na mkrismasi wa Bukini. Si vibaya, vivuli vyake tunavifaidi. Lakini ukiwa na bibi Lungalunga au Msambweni, mpeleke nyuma ya nyumba, muulize miti kwa majina yake. Andika jina la mti, kisha andika na la bibi.