Tausi wa Mwitu wa Kongo

Nani kati yetu hajasikia habari za tausi? Kitabu cha kwanza cha Wafalme chasimulia kwamba merikebu za mfalme Solomono zilimletea tausi pamoja na dhahabu, pembe na nyani. Kwa hiyo wengi wetu twadhani kwamba tausi ni ndege wa nchi za mbali tu, kama India. Wataalamu wa Ulaya nao walidhani hivyo hata mwaka 1936. Kumbe, mwitu wa Kongo ulikuwa na tausi wake tangu kale, na wawindaji walimjua.

Habari yenyewe ni hii. Tangu mwaka 1909 hata 1915 Mmarekani mmoja, James Chapin, alisafiri kaskazini-mashariki ya Kongo pamoja na mwenzake Herbert Lang, wakikusanya wanyama na ndege kwa jumba la makumbusho la New York. Mwaka 1913, huko Avakubi katika Ituri, aliona unyoya katika kofia ya mtu wa pale: mwekundu wa kutu, wenye mistari myeusi. Akaulinganisha na ndege wote aliowajua, asipate mwenyewe. Hakuutupa, aliuweka miaka 23.

Mwaka 1936 alikuwa Ubelgiji, katika jumba la makumbusho ya Kongo huko Tervuren. Juu ya kabati akaona ndege wawili waliokaushwa, dume na jike. Kibandiko chao kilisema ni tausi wachanga wa India. Lakini bawa la jike lilikuwa na manyoya kama ule wa Avakubi! Mwaka uleule akampa ndege huyo jina la kitaalamu, Afropavo congensis. Mwaka 1937 akarudi Kongo, akampata mwituni.

Tausi wetu hana mkia mrefu wa madoadoa kama yule wa India. Dume ni wa buluu iliyokolea, yenye kung'aa zambarau na kijani. Shingo yake ni nyekundu, haina manyoya, na kichwani ana kishungi cheupe. Jike ni wa kahawia, na mgongo wake wang'aa kijani. Hula matunda, mbegu na wadudu chini ya miti. Usiku hulala juu ya miti, na huko dume na jike huitikiana kwa sauti kubwa. Dume wa India huwa na majike wengi, bali huyu hukaa na mmoja. Jike hutaga mayai machache, huyaatamia siku 26 hivi, naye dume husaidia kuwalinda vifaranga.

Hifadhi za Salonga na Maiko, zilizoundwa mwaka 1970, ni makao yake. Lakini mtego wa kamba hauchagui: uliotegewa paa hunasa tausi pia, na mwitu ukikatwa hana pa kwenda.

Ndugu, ndege huyu alikaa Ulaya chini ya jina la mwingine, kwa kuwa hakuna aliyewauliza waliomjua. Sisi tunaofundisha watoto tusirudie kosa hilo. Tuwaulize wazee wa mwitu wangali hai, tuyaandike majina na tabia walizoziona. Na mwenye mitego auache mahali anapolia tausi, ili wajukuu wetu wamjue kwa sauti yake, si kwa unyoya mmoja.